Windows 11, 10, 7 au Linux Mint: urudi hadi wapi kwenye kompyuta yako?

Hapa Busia, upande wa Uganda, haipiti wiki bila mtu kuingia dukani kwangu na laptopu kwapani akisema, "Fundi, hii Windows mpya imenishinda, nirudishie ile ya zamani." Laptopu zenyewe nyingi ni za mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, zilizotumika miaka kwenye maofisi ya ng'ambo kabla ya kufika Nairobi au Kampala. Muuzaji huzipiga Windows 11 ili zivutie macho. Mnunuzi akifika nyumbani anaiwasha, anakwenda kuteka maji, anarudi, bado kile kiduara kinazunguka.

Ombi hilo silipuuzi, maana mara nyingi mteja ana haki. Ila "ya zamani" kila mtu ana yake. Wapo wanaotaka Windows 10, wapo wanaotaka Windows 7 waliyojifunzia shuleni, na wapo ambao shida yao haina uhusiano wowote na Windows. Mimi huuliza mashine inafanya kazi gani kila siku, na kama inagusa intaneti au haigusi. Majibu hayo yananisaidia kuliko umri wa mashine, na kuliko mapenzi ya mwenyewe.

Kwanza hakikisha kosa ni la Windows

Dada mmoja mwenye duka la stationery aliniletea Latitude ya Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 4, diski ya kuzunguka. Alitaka Windows 7 na alikuwa ameshaamua. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikamwonyesha: prosesa haina kazi, RAM imejaa karibu yote, na diski imeganda kwenye asilimia 100 ilhali hajafungua chochote. Ukiinamisha sikio juu ya kibodi unaisikia diski ikikwaruza. Kila kilichokosa nafasi kwenye RAM kilikuwa kinaandikwa kwenye diski, na diski ya namna ile haina mbio hizo.

Windows 7 ingempa nafuu, kwa kuwa inakula RAM kidogo. Lakini Windows 10 juu ya diski ileile ingemtesa karibu sawa na 11. Tuliweka SSD, diski isiyozunguka na yenye mbio, ya GB 240 na RAM nyingine ya GB 4, na mashine ikawa inawaka kabla hajamaliza kuvuta kiti. Kisha bado nilimshusha hadi Windows 10, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini. Kwa hiyo ukiona diski imekaa kwenye 100 dakika 10 nzima baada ya kuwasha, pesa uliyotaka kumpa fundi kwa kupiga Windows inunulie SSD kwanza. Nasema hivi nikijua kwamba kupiga Windows ndiko kunakonilisha.

Kutoka 11 kurudi 10

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 na masharti ambayo Windows 10 haikuwa nayo: chipu ya usalama ya TPM 2.0, UEFI (programu inayoiwasha mashine) yenye Secure Boot inayokagua kinachowashwa, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha 8. Kwa AMD, Ryzen za mfululizo wa 2000. Latitude ya yule dada haimo. Aliyemuuzia alikwepa ukaguzi, jambo ambalo Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuweka Windows, inalifanya kwa kuweka alama kwenye kisanduku kimoja tu.

Kukwepa kunafanya kazi leo. Shida ni kesho: Microsoft haijaahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe, ni lazima mtu aliweke kwa mkono. Toleo la 24H2 lilizikataa kabisa prosesa zisizojua amri iitwayo POPCNT, yaani zile Core 2 Duo ambazo bado zimejaa kwenye maabara za shule zetu. Aliyekuwa amekwepa kwenye mashine kama hizo alifika mwisho wa njia.

Upande wa pili, Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015 na masasisho yake ya kawaida yakakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo watu wengi huniambia, basi imekufa. Haijafa. Microsoft imefungua mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiunga, mashine iwe kwenye toleo la 22H2 na uwe na akaunti ya Microsoft; ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi kitu, na usipokubali unalipa dola 30 mara moja, ambazo kwa shilingi zetu ni laki moja na ushei. Malipo hayo yanafaa kwa kompyuta hadi 10 za akaunti moja, kwa hiyo familia yenye mashine kadhaa inaweza kuchangia. Programu za Microsoft 365 zitaendelea kupata masasisho ya usalama juu ya Windows 10 hadi Oktoba 2028.

Mwongozo ninaowapa wateja ni huu. Prosesa ikiwa ya kizazi cha 8 au zaidi, na una SSD na RAM GB 8, baki na 11. Malalamiko mengi juu yake ni ya mazoea: kitufe cha Start kimehamia katikati, menyu ya kubonyeza kulia imefupishwa. Start unairudisha kushoto kwenye Settings kwa dakika moja, na menyu utaizoea. Prosesa ikiwa ya kizazi cha 7 kurudi nyuma, shuka hadi 10, jiunge na masasisho ya ziada siku hiyohiyo, na uanze kufikiria utakakohamia baada ya Oktoba 2026.

Mwenye laptopu mpya kabisa asishuke. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 12 nyingi zina viini vya aina mbili, vikubwa na vidogo, na Windows 11 ndiyo inayojua kuvigawia kazi vizuri. Wi-Fi ya masafa ya GHz 6 nayo Windows 10 haiitumii. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji hawatoi tena draiva (programu zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine) za Windows 10 kwa mashine zao mpya. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, andika namba iliyobandikwa chini ya laptopu, na uangalie draiva zimeorodheshwa kwa Windows ipi. Usipoiona 10, tulia ulipo.

Utasikia pia mtaani habari za Windows 10 LTSC, ambayo toleo lake moja, IoT Enterprise LTSC 2021, lina masasisho hadi Januari 2032. Ni kweli lipo, na ni zuri. Lakini linauzwa kwa kampuni na watengenezaji wa vifaa, si kwa mtu mmoja mmoja, na funguo zinazouzwa kwa bei ya soda kwenye WhatsApp si leseni halali. Sizitumii.

Linux Mint, kwa asiyehitaji Windows

Linux Mint ni mfumo endeshi mwingine, si Windows. Hii si kurudi nyuma, ni kuhama nyumba. Naiweka hapa kwa sababu kwa mashine ya zamani inayotumika kusoma barua pepe, kutazama video na kuandika barua, naiona ni bora kuliko Windows yoyote ya zamani. Mint 22 ina masasisho hadi 2029, inataka RAM GB 2 na inakaa vizuri kwenye GB 4, na kivinjari chake ni kipya kila wakati. Faili yake ni chini ya GB 3, wakati ya Windows 10 inakaribia GB 6, na kwa bei ya bando tunayoijua hiyo tofauti inauma. Zaidi ya yote, unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: unajaribu Wi-Fi, sauti na printa yako, ukiona haikufai unachomoa flashi na kila kitu kiko palepale.

Anayetumia CorelDRAW, Photoshop au QuickBooks ya kompyuta aachane na Mint. Zile za Linux zinazofanana nazo zipo, lakini fundi wa kadi za harusi mwenye faili za miaka 8 hawezi kuanza upya kwa sababu ya mfumo endeshi.

Njia ya kurudi nayo ni chaguo

Kama ulipandisha mwenyewe kutoka 10 kwenda 11, una siku 10 za kujuta. Ingia Settings, kisha System, kisha Recovery, utaona kitufe cha Go back. Windows ya zamani inakuwa imehifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, faili zako zinabaki, na programu ulizoweka baada ya kupanda ndizo zinazoondoka. Siku 10 zikipita folda inafutwa yenyewe, na ukiwa na haraka ya kusafisha diski unaweza kuifuta mwenyewe bila kujua. Anayetaka muda zaidi afungue Command Prompt kama msimamizi, mapema, ndani ya zile siku 10, aandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, na siku zinakuwa 60.

Laptopu iliyonunuliwa ikiwa na 11 tayari haina kitufe hicho. Hapo ni kusafisha na kuweka upya: flashi ya GB 8, faili ya Windows 10 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, na kila kilichoko kwenye diski C kinaondoka. Leseni kwa kawaida si tatizo. Mashine iliyokwisha kusajiliwa kihalali na Windows 11 hukubali Windows 10 ya daraja lilelile, Home kwa Home na Pro kwa Pro, kwa kuwa usajili umefungwa kwenye ubao mama. Ukikosea daraja ndipo inaanza kudai ufunguo. Kwenye laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11 unaweza kufika hatua ya kuchagua diski ukakuta orodha tupu. Diski haijaharibika, inahitaji draiva ya Intel RST uiweke kwenye flashi kabla. Na betri iwe nzima au uwe na UPS. Umeme wa hapa ukikatika katikati ya kazi, unabaki na mashine isiyo na Windows ya zamani wala mpya.

Sasa nieleze kilichonipata, maana hiki ndicho kinachoniamsha usiku. Kijana mmoja wa chuo aliniletea EliteBook nzuri, aliyoinunua kwenye duka la mjini ikiwa na Windows 11. Alitaka 10. Nikamwambia tutatoa faili zake kwanza, na kabla ya kufanya hivyo nikaingia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, kubadili mpangilio wa TPM ili niandae kazi. Nilipowasha, skrini ya buluu ikanitaka ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Diski ilikuwa imefungwa kwa siri tangu dukani bila yeye kujua, kwa sababu Windows 11 hufanya hivyo yenyewe pale mashine inapoanzishwa kwa akaunti ya Microsoft, na tangu 24H2 mashine nyingi zaidi zinaguswa. Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Akaunti ilikuwa ya muuzaji, aliyeifungua kwa barua pepe yake ili aharakishe kazi, na barua pepe yenyewe hakuikumbuka. Nilirudisha mpangilio wa BIOS ulivyokuwa na diski bado ikakataa. Ripoti ya yule kijana ya mwaka mzima ilikuwa mle. Alikuwa na nakala ya nusu yake kwenye simu. Nusu nyingine aliiandika upya, usiku kwa usiku, na mimi sikumtoza senti, lakini hilo halikumrudishia kitu.

Tangu siku hiyo sigusi BIOS ya mtu kabla ya kufungua Windows, kuandika BitLocker kwenye kisanduku cha kutafutia, kuzima ule ulinzi na kungoja diski ifunguke yote. Nakala za faili huwekwa kwenye diski ya nje, na mwenye mashine anafungua faili 3 au 4 mbele yangu kwenye kompyuta nyingine kuthibitisha zinafunguka. Fundi wako asipofanya hivyo mwombe afanye, na akikataa chukua laptopu yako.

Kwa wenye Mac neno langu ni fupi: zile zenye chipu za Apple hazishuki chini ya toleo zilizotoka nalo kiwandani, na kushuka kokote kunafuta diski. Nakala kwanza, kwa Time Machine, programu ya nakala ya Mac yenyewe.

Windows 7, na mama wa beji

Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009 na masasisho yake yakakoma tarehe 14 Januari 2020. Hata waliokuwa wakilipia ya ziada walifika mwisho Januari 2023. Chrome ya mwisho kukubali juu yake ni ya 109, ya mwanzoni mwa 2023. WhatsApp ya kompyuta haiwekeki, Office kuanzia 2019 haiwekeki. Na Microsoft haiitoi tena kwa umma kwenye tovuti yake, kwa hiyo Windows 7 inayozunguka mjini iko kwenye flashi za watu, imepakwa mandhari mapya na kutiwa programu ya kuvunja leseni, na hakuna ajuaye nani mwingine ameitia nini.

Mzee mmoja wakala wa forodha aliitaka kwa sababu mkono wake umeizoea. Nilimkatalia, kwa heshima yote. Kwenye mashine yake kuna hati za kusafiria za wateja, namba zao za kodi, ankara za mizigo, na nywila za mifumo anayopitishia mamilioni ya watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Nikamkumbusha Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta kote duniani na kudai fidia: nyingi kati ya zilizofungwa zilikuwa za Windows 7, na sasisho la kuziba tundu lile lilikuwa limetoka tangu Machi, wenyewe hawakuliweka. Wakati ule Windows 7 bado ilikuwa inatunzwa. Sasa tundu likipatikana halizibwi. Mzee alikubali 10, nikampangia mwonekano ufanane na alichozoea.

Mama wa beji nilimwekea 7, na ningefanya hivyo tena. Anadarizi beji za sweta za shule kwa mashine iliyounganishwa na kompyuta, na programu yake inafunguka pale tu kijiti cha leseni kinapochomekwa kwenye USB na taa yake ndogo ya kijani kuwaka. Kompyuta yake iliungua na radi. Akanunua laptopu yenye Windows 10 ya biti 64, programu ikaingia, lakini taa haikuwaka. Alishajaribu Compatibility mode kwa kila namna. Haiwezi kusaidia: hiyo inaidanganya programu tu, na tatizo lilikuwa draiva. Windows ya biti 64 haipakii draiva ya biti 32 hata ufanye nini, na mtengenezaji wa kile kijiti hakuwahi kutoa nyingine.

Nilianza na Windows 10 ya biti 32, ambayo ndiyo ninayoshauri ijaribiwe kwanza kabla ya 7. Draiva nyingi za zamani inazikubali, ingawa haitumii RAM zaidi ya GB 4. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Taa ikawaka, mama akapiga vigelegele, kisha programu ikawa inajifunga kila ilipotaka kuongea na mashine ya kudarizi. Njia nyingine ilikuwa VirtualBox, kuifungia Windows 7 ndani ya Windows mpya kama chumba ndani ya nyumba, na kwa laptopu ya RAM GB 8 ningeichagua hiyo. Ya mama ilikuwa na GB 4, haitoshi kugawana.

Tukapata Dell OptiPlex, kompyuta ya mezani ya zamani yenye kibandiko halali cha Windows 7 Professional ubavuni. Umri wake ulisaidia, kwa sababu Windows 7 haina draiva za USB 3 wala za SSD za NVMe, na kwenye mashine za kuanzia kizazi cha 6 cha Intel kibodi na kipanya mara nyingi hufa mara skrini ya kuiweka inapofunguka. Kwenye OptiPlex iliingia bila ubishi. Taa ikawaka, sindano ikashuka, na beji ya kwanza ikatoka na herufi zake zote.

Michoro sasa anaichora kwenye laptopu ya Windows 10, anaihamisha kwa flashi moja isiyochomekwa kwingine, na nimezima programu kujifungua zenyewe flashi inapoingia. Diski nzima ya OptiPlex nimeitolea nakala, iko kwenye kabati lake. Waya wa intaneti haufiki chumba kile, na kadi ya Wi-Fi niliichomoa nikaitia kwenye bahasha, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: USIRUDISHE.